Fidia ya Nyumba za Afyuni: Ni Haki ya Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia biashara akatuharamishia kula mali za watu kwa batili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Liko suala ambalo watu hulizungumza mabarazani kwa sauti kubwa, na kila msemaji huondoka akidhani ameshinda. Suala lenyewe ni hili: mtu amefungua biashara, akaenda serikalini akataka leseni, akapewa, kila mwaka akalipa alichoandikiwa, wala hakujificha. Kisha siku moja serikali ile ile ikamwambia: biashara yako ni mbaya, inaharibu watu, funga mlango. Je, mtu huyu ana haki ya kulipwa fidia? Mmoja husema alipwe, kwani aliaminishwa akaweka mali yake. Wa pili husema asipewe hata pesa moja, kwani haramu haina thamani. Nami naona kila mmoja ameshika nusu ya neno.

Suala hili tukilitazama katika mambo yaliyo mbele ya macho yetu, hatutaliona sawa, kwani hakuna asiyekuwa na ndugu au mdeni au mpangaji ndani yake. Afadhali tulitazame katika jambo la mbali lililokwisha kupita na hesabu yake ikafungwa: kufungwa kwa nyumba za kuvutia afyuni katika miji ya bahari ya China iliyokuwa mikononi mwa Wazungu, yaani Hong Kong na Shanghai, baina ya mwaka 1907 na mwaka 1910.

Afyuni, ambayo wengine wetu huiita kasumba, ni utomvu wa mmea. Tumba lake huchanjwa, utomvu ukatoka, ukakauka, ukakusanywa. Wachina waliipika mpaka ikawa kama asali nzito, wakaivuta kwa kiko kirefu juu ya taa, hali mvutaji amelala ubavu. Tajiri alivuta kwake. Nyumba za afyuni zilikuwa hasa za wachukuzi, na mabaharia, na wavuta rikisho, watu ambao mshahara wao wa siku ulikuwa mdogo, na sehemu yake ikabaki pale pale juu ya kitanda cha mbao.

Waingereza wa Hong Kong hapo kwanza hawakuiuza kwa mikono yao. Walifanya mfano wa alivyofanya Sayyid Said bin Sultan kwa forodha ya Unguja, alipomkodisha Jairam Shivji: mtu hutoa fedha maalumu kwa mwaka, kisha huachiwa akusanye kwa watu kadiri awezavyo, na faida ni yake. Hong Kong vivyo hivyo: kundi la wafanya biashara wa Kichina lililopanda bei kuliko wenziwe ndilo lililopewa peke yake haki ya kupika afyuni na kuiuza mjini kwa muda wa miaka maalumu. Chini ya mwenye ijara huyo wakawako wenye nyumba za kuvutia. Basi kila senti iliyotoka mkononi mwa mchukuzi ilipita kwa mwenye nyumba, ikapita kwa mwenye ijara, ikaishia katika hazina ya serikali, ikajenga barabara na kulipa mishahara ya mapolisi. Mnyororo huu msomaji auweke moyoni, kwani fidia yote tutakayoitaja ilivutwa juu yake.

Tarehe 20 Septemba 1906 dola ya China ilitoa amri kwamba afyuni iishe katika nchi kwa muda wa miaka kumi. Mwezi wa Juni 1907 nyumba za afyuni za mji wa Kichina wa Shanghai zikafungwa. Lakini Shanghai ilikuwa na mtaa mkubwa wa wageni, uliokuwa ukitawaliwa na baraza lao wenyewe, wengi wao Waingereza, na humo mlikuwa na nyumba zaidi ya 1,000 zenye leseni za baraza. Mchina aliyefungiwa mlango upande huu alivuka njia tu akaingia upande wa pili. Wageni wakaona haya mbele ya dunia. Mwaka 1908 wakakata shauri: nyumba zifungwe robo kwa robo, kila miezi sita robo moja, na itakayofungwa kwanza ijulikane kwa kura. Robo ya kwanza ilifungwa mwezi wa Julai 1908. Ya mwisho ilifungwa mwisho wa mwaka 1909.

Huko Hong Kong amri ilitoka London. Mwezi wa Mei 1908 bunge la Uingereza lilitaka nyumba za afyuni katika makoloni zifungwe, na Wizara ya Makoloni ikampelekea habari gavana, naye alikuwa Frederick Lugard, yule yule aliyetoka Mombasa mwaka 1890 kwenda Uganda kwa ajili ya Kampuni ya Waingereza. Lugard hakufurahi. Alisema kwamba ijara ina mkataba, na mkataba haujesha. Mwenye ijara akivunjiwa atadai, na koloni litapata hasara katika pato lake bila ya kosa lake, kwani walioamuru ni watu wa London. Basi nyumba nyingine zikafungwa mwaka 1909, na zilizosalia zikangojewa mpaka mwaka 1910, mkataba ulipokwisha. Hazina ya London ikatoa msaada wa sehemu ya hasara, na koloni likanung'unika kwamba msaada ni mchache.

Tazama sasa ni nani waliosimama mlangoni wakidai. Wa kwanza mwenye nyumba ya kuvutia, asemaye: leseni yangu. Wa pili mwenye ijara, asemaye: mkataba wangu. Wa tatu, na huyu ndiye wa ajabu, ni serikali yenyewe ya koloni, isemayo: pato langu. Kila mmoja alimdai aliye juu yake. Na aliye chini ya wote, yule aliyelala juu ya kitanda cha mbao, hakudai kitu, wala hapana aliyemwuliza.

Twende kwenye sharia, kwani wanavyuoni wetu walikwisha kulipima jambo la namna hii kabla ya kuwako Hong Kong.

Pombe ilipoharamishwa Madina, imepokewa na Anas bin Malik kwamba alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, ikasikiwa sauti ya mpiga mbiu. Abu Talha akamwamrisha akaimwage, na njia za Madina zikapita pombe. Watu wale walikuwa wameinunua kwa mali zao wakati ilipokuwa haijakatazwa. Udhuru wao ulikuwa mkubwa kuliko wa mwenye leseni wa Hong Kong, kwani jana yake haikuwa haramu. Walakini hapana aliyekwenda kwa Mtume kudai thamani ya mitungi yake.

Akaja Abu Talha huyo huyo na suala zito zaidi. Alikuwa na mayatima walioirithi pombe. Kama yuko mtu duniani wa kuhurumiwa katika mali yake ni yatima, na Qurani imekamia vikali juu ya alaye mali yake. Abu Talha akauliza kama aigeuze siki. Jawabu ikawa: hapana, imwagwe. Na katika baadhi ya vitabu, kwa njia ya Jabir, imepokewa kwamba mtu aliyekuwa na pombe ya mayatima aliamriwa aimwage, kisha akaambiwa kwamba itakapofika mali ya Bahrain aje, mayatima wake wapewe badala. Wenye elimu ya hadithi wana neno juu ya isnadi ya riwaya hii. Tunaitaja kwa maana yake. Pombe haikulipwa. Waliohurumiwa ni mayatima kwa sababu ni mayatima, na walichoahidiwa kilikuwa mali safi, itokayo Baiti lmali, haikutoka katika kuuza pombe kwa muda mdogo tena ili fedha ya kuwalipa ipatikane.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye kumwaga pombe hana dhamana, ikiwa ni ya Mwislamu au si ya Mwislamu. Abu Hanifa na Malik wamesema kwamba Mwislamu akiharibu pombe ya dhimmi atalipa, kwa kuwa kwao wenyewe ni mali na wameachiwa dini yao. Pengine mtu atasema: basi Mchina wa nyumba ya afyuni ni mfano wa dhimmi, alipwe kwa kauli hii. Nasema hapana, kwani afyuni haikuwa mila ya Mchina. Mfalme wao Yongzheng alikwisha kupiga marufuku kuuza afyuni ya kuvuta na kufungua nyumba zake mwaka 1729, na iliruhusiwa baadaye, mwaka 1858, baada ya vita na mikataba waliyotiliwa saini hali wameshindwa. Mtu hawezi kujikinga kwa desturi ya nchi ikiwa desturi hiyo nchi imetiwa kooni kwa mizinga.

Liko lakini jambo la upande wa pili, nalo hupitwa na wale wasemao kwa haraka kwamba haramu haina thamani. Wanavyuoni wa Kishafi wamefarikisha baina ya pombe na vitu vikavu vilevyavyo, kama bangi na afyuni. Pombe ni najisi. Hivi si najisi, ijapokuwa kuvitumia kwa kulewa ni haramu, na kidogo chake kikihitajiwa kwa dawa kina ruhusa. Afyuni basi ina manufaa ya halali: tabibu huitaka kwa kutuliza maumivu, na katika hiyo hutolewa morfini inayotumiwa hospitalini. Kitu chenye manufaa ya halali ni mali. Mwenye kuichukua afyuni iliyowekwa kwa dawa akaichoma amemdhulumu mwenyewe.

Na Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja masanamu na vyombo vya upuzi: avivunjaye halipi kitu kwa kuviharibu, lakini kauli yenye nguvu ni kwamba asivisage, avifungue mpaka virudi kama vilivyokuwa kabla ya kuungwa. Mbao ni mbao, na mbao ni mali ya mtu. Katika neno hili dogo mna fikihi kubwa. Lililoondoka thamani ni ule muungano, ule umbo wa haramu. Vilivyoungwa vimebaki na haki yake. Tukiliweka juu ya nyumba ya afyuni, kitanda cha mbao ni mali, taa ni mali, nyumba yenyewe na paa lake ni mali. Mtu asichomewe wala asinyang'anywe. Leseni nayo, ikiwa amelipa mwaka mzima akafungiwa baada ya miezi mitatu, fedha ya miezi tisa ni yake na arudishiwe, kwani serikali imempokea kwa kitu kisha haikumpa. Hilo halina shaka kwangu. Serikali iliyouza muda isile muda na bei.

Kisichokuwa mali ni faida ya kesho. Hapa ndipo ulipo ugomvi wote, kwani mwenye kudai fidia hakudai mbao zake wala miezi tisa yake. Akizidai hizo pekee, mambo hukwisha siku moja. Hudai alichotarajia kukipata lau angaliachwa aendelee. Hesabu yake ni hivi: watu kadha wangalikuja kwangu, kila mmoja angalivuta kadha, nami ningalipata kadha. Maana yake ni kwamba anadai alipwe thamani ya maradhi ambayo hayajawapata watu bado. Mwenyezi Mungu alipokata riba aliweka mpaka katika Suratul Baqara: aliyekoma alipofikiwa na mawaidha, yaliyopita ni yake, na wenye kutubu wana rasilimali zao, wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Waarabu wa Makka walikuwa na mikataba ya riba iliyoandikwa, na muda uliokuwa haujafika, na wadeni waliokuwa wamekiri. Hayo yote yakaanguka, ikabaki rasilimali. Mkataba haukuweza kuibeba haramu mpaka mwisho wa muda wake.

Atasema mtu: lakini huyu aliruhusiwa na mtawala, na mtawala ndiye aliyemwambia fanya. Ni kweli, na kwa hivyo mtawala ni mshirika wake. Lakini washirika wawili wa jambo moja, mmoja akitubu, je, humlipa mwenziwe kwa faida watakayoikosa wote wawili? Leseni ya serikali humwondolea mtu polisi mlangoni. Haimbadilishii kitu mbele ya Mola wake, wala mbele ya jirani aliyeharibikiwa na mwanawe. Mwenye nyumba ya afyuni aliwaona wateja wake kila siku, akawaona wakikonda. Hakuhitaji bunge la London limfahamishe.

Na atasema mwingine, naye ana hoja ya kusikilizwa: tukimzoesha mtawala kufunga mlango wa mtu bila ya kulipa kwa kusema kwamba ndani mna uovu, kesho atafunga milango ya halali kwa neno hilo hilo. Hofu hii ni ya haki, hasa kwa sisi tuliotawaliwa na wageni, tukaona ardhi zikichukuliwa kwa jina la maslaha ya watu wote. Kimesimuliwa kisa cha Sayyidna Umar aliyeukwea ukuta akamkuta mtu katika maasi, na mtu yule akamjibu kwamba yeye amekosa moja na Amiri wa Waumini amekosa matatu: amepeleleza, amepita pasipo mlango, ameingia bila ya idhini wala salamu, na Umar akamwacha. Walakini kinga ya dhulma hiyo ni kadhi mwadilifu na ushahidi uliowekwa wazi, na kwamba uovu wa jambo uwe umekwisha kujulikana na watu wote, hata wanaolifanya. Fidia haikingi. Mtawala mdhalimu mwenye fedha hulipa na kudhulumu pamoja.

Nami nataka kurudi kwenye ile kura ya Shanghai, kwani ndani yake mna jambo ambalo wenye kuisifu hawakuliona. Kura ni kitu kijulikanacho katika sharia. Mtume alikuwa akipiga kura baina ya wakeze atakapo kusafiri. Kazi yake ni kugawanya haki baina ya wenye haki sawa. Baraza la Shanghai lilipoweka majina ya nyumba katika kura lilisema, bila ya kutamka, kwamba wote hawa wana haki sawa ya kuendelea, na kwamba ni bahati tu itakayowatenga. Nyumba mbili za njia moja, hii ikafungwa Julai 1908, ya pili ikaachwa mpaka mwisho wa mwaka 1909. Na wateja wa ile iliyofungwa wakahamia kwa jirani. Jirani akapata muda wa kukusanya na kujitafutia kazi nyingine. Watu wakasema: huu ndio uadilifu, hapana aliyestushwa.

Basi muda ule ulikuwa nini, kama si fidia? Baraza halikutoa fedha nyingi mfukoni, lilitoa miezi. Na miezi ni fedha, kwa mwenye duka. Lakini fedha iliyotolewa katika hazina tunajua imelipwa na nani. Miezi ile kumi na minane ililipwa na nani? Ililipwa na mvutaji. Kila usiku wa muhula ule ulilipwa kutoka katika ujira wake na kifua chake. Hong Kong vivyo hivyo: ili mwenye ijara asivunjiwe mkataba, mchukuzi aliendelea kuvuta mpaka mkataba ulipokwisha. Aliyedhulumiwa alifanywa ndiye mlipaji wa fidia ya aliyemdhulumu, na hapana aliyeandika jina lake katika daftari, kwa kuwa muda hauandikwi katika safu ya matumizi.

Na muhula haukuishia hapo. Nyumba za kuvutia zilipofungwa katika mtaa ule, maduka ya kuuza afyuni ya kwenda kuvuta nyumbani yakaachwa, nayo yakaongezeka mno. Mwaka 1913 Uingereza ilikoma kuuza afyuni ya Hindi kwa China, lakini wafanya biashara wakubwa walikuwa na shehena kubwa ghalani, wakaungana, wakasema: hasara hii si yetu. Wakaachiwa wauze mpaka tarehe 31 Machi 1917. Masanduku yaliyosalia serikali ya China ikakubali kuyanunua. Raiya wakapiga kelele, kwani ilikuwa wazi kwamba yatauzwa tena. Na mwezi wa Januari 1919 zaidi ya masanduku 1,000 yakachomwa moto Pudong, ng'ambo ya mto wa Shanghai. China ilinunua kwa mali yake kitu ambacho kililetwa kwake kwa nguvu, ili ipate ruhusa ya kukichoma.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1839 Lin Zexu, mjumbe wa mfalme, aliwalazimisha wafanya biashara wa kigeni katika Canton watoe afyuni yao, nayo ilikuwa masanduku 20,283, akaiharibu kwa chokaa na maji ya chumvi. Mwakilishi wa Uingereza, Charles Elliot, alikuwa amewaahidi wenye mali kwamba dola yake itawadhamini. Bunge halikupenda kulipa. Likapeleka manowari, na katika mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842 China ikatozwa riale milioni 21, na katika hizo milioni 6 ziliandikwa waziwazi kuwa ni thamani ya afyuni. Aliyetiliwa sumu nyumbani mwake akamlipa muuzaji bei ya sumu aliyoimwaga. Na wafanya biashara hawakuridhika. Walilalamika kwamba walichogawiwa hakikutimia.

Tusijidanganye kwamba jambo hili lilikuwa la Wazungu peke yao. Shehena nyingi za afyuni ya Malwa zilipakiwa Bombay, mji tuujuao, zilikotoka nguo zetu na mchele wetu. Na miongoni mwa matajiri wa biashara hiyo alikuwako Mwislamu, Muhammad Ali Rogay, mshirika wa Jamsetjee Jejeebhoy. Uturuki na Uajemi, nchi za Kiislamu, zililima afyuni na kuiuza nje. Baina ya ndugu zetu hao walikuwako waliosali sala tano, wakajenga misikiti na visima. Imamu Ghazali katika Ihya amesema maneno marefu juu ya mali ya namna hiyo: aliyechukuliwa akijulikana, arudishiwe yeye au warithi wake, asipojulikana, itolewe kwa maskini na maslaha ya Waislamu, na mtoaji asijihesabie sadaka, kwani hakutoa kitu chake.

Na sisi wa pwani hesabu ya namna hii imepita kwetu wenyewe. Unguja, mwezi wa Aprili 1897, Sayyid Hamoud bin Muhammad alipotia saini amri ya kuondoa utumwa, na Mombasa na pwani yake kwa sheria ya mwaka 1907, fidia ilitolewa: bwana aliyethibitisha kwamba mtumwa ni wake kwa haki alilipwa. Wanavyuoni wa zama hizo walikuwa na maneno juu ya milki ya sharia, na sitaki kuyafungua hapa. Utumwa na afyuni si kitu kimoja katika vitabu vya fikihi. Nataka msomaji aone umbo la hesabu tu. Waingereza walikuwa wamekwisha kuifanya mwaka 1833, walipowaachia watumwa wa visiwa vya Magharibi: mabwana walipewa pauni milioni 20, na juu ya fedha hizo wakapewa muda vilevile, watumwa wakaendelea kuwafanyia kazi mpaka mwaka 1838 kwa jina la uanagenzi. Deni lililokopwa kwa malipo hayo halikwisha kulipwa na Uingereza mpaka mwaka 2015. Aliyelima miwa hakuandikiwa hata senti. Umbo ni lile lile: hesabu huanza kwa aliyekuwa akifaidika, humshukia aliye chini yake, na kabla ya kumfikia aliyeumia, wino umekwisha.

Lau hesabu ingalianzia upande wa pili, nani angalidai? Kwanza mvutaji mwenyewe, kwani maradhi yake yanataka tabibu na kitanda kisichokuwa kile; naye atakuwa na dhambi yake, lakini dhambi ya mgonjwa haiondoi wajibu wa aliyemwuzia. Kisha mkewe, ambaye masurufu yake yaliishia katika kiko. Kisha wanawe. Mdaiwa wao angalikuwa mwenye nyumba, na mwenye ijara, na hazina iliyokula kodi, kila mmoja kwa kadiri ya alichokula. Kwa hesabu hiyo mwenye nyumba akirudishiwa mbao zake na miezi yake tisa, amepata yote yaliyo yake, na linabaki deni lililo juu yake.

Sipati habari ya serikali hata moja katika bahari ile iliyofanya hesabu kwa njia hiyo. Hong Kong, baada ya kufunga nyumba za kuvutia, mwaka 1914 iliondoa ijara na serikali yenyewe ikashika upishi na uuzaji, ikaendelea mpaka Wajapani walipoingia mwaka 1941. Singapore na makoloni ya Malaya serikali ilikuwa imekwisha kushika kazi hiyo tangu mwaka 1910, na iko miaka ambayo karibu nusu ya pato la makoloni hayo ilikuwa kodi ya afyuni. Marufuku kamili ilitangazwa mwaka 1943, hali nchi zenyewe ziko mikononi mwa Wajapani na hapana kodi ya kupotea.

Walakini liko fungu moja la fidia lililowekwa huko mapema, kwa utulivu, bila ya kudaiwa na mtu. Mwaka 1925 serikali ya makoloni hayo ilitenga dola milioni 30 kuwa akiba, ili siku afyuni itakapokoma, walioharibikiwa nayo wasipate shida. Ndivyo mtu angalidhani. Akiba ile ilikuwa ya hazina: iliwekwa kuziba pengo la kodi itakayokosekana, na ilitoka katika hazina ile ile ambayo afyuni ndiyo iliyoijaza.